Nyani wa Buku Mbili

Jamani, hawa wauza mtumba wana nini na mimi? Nimekwenda kutafuta kaptura, nimerudi na sidii. Kaptura sina mpaka leo. Kijana kaning'ang'ania: "Mzee, orijino hiyo, si ya kuchoma." Buku mbili. Kavani kuna nyani, kichwani ana lile duara la watakatifu. Wimbo wa saba una neno "Heaven". Neno hilo nalijua. Nikasema basi, hii gospo, tena ya mbele. Jumapili mama mkwe anakuja, siku hiyo nitapata sifa.

Jumapili ikafika, nikaitia kwenye deki. Sabufa ikaanza na gita la besi, peke yake, taratibu. Mama mkwe akatikisa kichwa, kama anakubali vile. Halafu jamaa akapiga ukelele! Si kuimba ule, ni ukelele wa mtu aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba. Nikapunguza. Kumbe ndio tabia yao. Wanateta weee, husikii kitu, unaongeza sauti. Ukishaongeza tu, wanalipuka wote. Napunguza, wanateta. Naongeza, wanalipuka. Jasho linanitoka. Na rimoti yenyewe betri zimechoka, mpaka uzing'ate kwanza ndiyo ifanye kazi. Mtoto kaamka. Jirani kagonga ukuta. Mama mkwe kaomba maji, kisha kaomba aitiwe bajaji.

Mpwa wangu wa chuo, anayejua kila kitu isipokuwa bei ya unga, ndiye aliyenipa darasa. Albamu inaitwa Doolittle, ya 1989. Bendi ni Pixies, wa Boston, Marekani. Huko kuteta na kulipuka ndiyo biashara yao, na Kurt Cobain wa Nirvana alisema mwenyewe kwamba aliwaiga alipotunga "Smells Like Teen Spirit". Watu wana moyo! Halafu yule dada wa besi, Kim Deal, alijibu tangazo lao la kutafuta mpiga besi. Kaja bila besi. Kwanza alikuwa mpiga gita. Wakamchukua, maana hakujitokeza mwingine. Mimi niliomba kazi ya ulinzi nikiwa na tochi yangu mwenyewe, nikaambiwa tutakupigia.

1993 mambo yakaharibika. Black Francis, yule wa ukelele, akaivunja bendi. Joey Santiago wa gita akapigiwa simu. Kim na mpiga dramu, David Lovering, wakatumiwa faksi. Faksi! Lovering baadaye akageukia mazingaombwe. Mama watoto aliposikia hilo akaacha kuchambua mchele: "Si nilikwambia? Yule nyani si bure." Hakuniambia kitu, lakini nani abishane naye.

Mimi faksi ningeipokea kwa mikono miwili. Kikundi chetu cha kuzikana kilinitoa kwenye grupu la WhatsApp usiku, nimelala, kwa deni la elfu tano. Nimekuja kujua msibani, nimeshashika sahani, mtu ananiuliza, "We mwanachama?" Pixies walirudiana 2004, wakajaza kumbi. Mimi namtumia mweka hazina salamu kila asubuhi, na dua, na picha za maua. Tiki mbili za bluu. Anasoma zote, na jana kanijibu: "Elfu saba sasa."