Jinsi ya Kununua Injili ya Kale Bila Kupigwa

Kama unajua kununua simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, na ukatoka salama, somo lililobaki ni dogo. Mtu mzoefu akiambiwa "hii orijino, bosi wangu", hakimbilii pochi. Anaigeuza simu, anabonyeza *#06#, analinganisha namba ya kwenye kioo na ya kwenye boksi, anadai risiti. Kipande cha papirasi chenye jina la Yesu nacho kikaguliwe hivyo hivyo, na muuzaji asionewe haya.

Anza na swali la asili: kimetoka wapi, na kimepitia mikono ya nani? Usianze kwa kusoma kilichoandikwa, maana utamu wa maneno ndio chambo chenyewe. Septemba 2012, Karen King, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitangaza mjini Roma kipande cha Kikopti kinacholingana na kadi ya benki, ambamo Yesu anamtaja mke wake. Magazeti yakawaka. Maabara zikapima: papirasi ni ya kale kweli, ya karne ya 7 hadi ya 9, na wino ni wa masizi, kama wa zamani. Hapo mteja mgeni angeshalipa. Wewe usilipe. Papirasi tupu ya kale inanunulika, na masizi yamejaa kwenye kila sufuria ya jiko la kuni. Gamba orijino, ndani feki: Aggrey nzima inaujua mchezo huo.

Sasa tafuta kosa, maana mghushi huiba hadi makosa. Wataalamu walikilinganisha kipande kile na Injili ya Tomaso, iliyopatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, wakaona maneno mengi yamenyofolewa humo na kuungwaungwa. Mstari wa kwanza ulikosa herufi moja. Herufi hiyo hiyo ilikosekana kwenye nakala ya Tomaso iliyowekwa kwenye intaneti mwaka 2002! Yaani mwandishi wa karne ya 8 alinakili kosa la kompyuta.

Juni 2016 ikachapishwa ripoti ya mwanahabari Ariel Sabar, aliyefanya kile kilichopaswa kufanywa kwanza: alimfuata mwenye mali. Akamkuta Mjerumani anayeishi Florida, aliyewahi kusomea mambo ya Misri ya kale mjini Berlin. Bwana huyo alikana kughushi, lakini hadithi ya umiliki ilivuja kila upande, na King mwenyewe akakiri kwamba ushahidi unaelekea kwenye kughushi. Wiki hiyo hiyo, usiku wa Juni 16, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilikuwa ikizima simu feki nchi nzima.

Jina kubwa la taasisi nalo lisikutishe. Makumbusho ya Biblia ya Washington yalikuwa na vipande 16 vilivyoitwa vya Magombo ya Bahari ya Chumvi. Mwaka 2020 uchunguzi ulisema vyote ni bandia, na kwamba ngozi iliyotumika huenda ni ya viatu vya kale. Viatu! Hapa ndipo ninapokasirika. Anayeghushi Maandiko hamlizi tajiri wa Marekani peke yake. Anamchezea pia mama anayetoka misa ya alfajiri Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambaye leo anaambiwa Yesu alikuwa na mke na kesho anaambiwa ilikuwa karatasi ya mtu wa Florida.

Ila mashaka nayo yapimwe. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, Ethiopia, kuna Injili za ngozi ambazo wasomi walizikadiria kuwa za karibu mwaka 1100. Watawa walishikilia kwamba ni za mwanzilishi wao, wa zama za kale zaidi. Ngozi ilipopimwa, majibu yakaangukia kati ya mwaka 330 na 650. Hizo zimekaa kwao, wanaozitunza wanajulikana, na haziuzwi.

Basi ukiletewa kitu kama hicho mjini hapa, kipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kitazamwe kabla hujatoa hata mia. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na vitu vya kale havisafirishwi nje kiholela. Muuzaji akianza kukuharakisha, akikwambia kuna Mzungu hotelini anakisubiri, mwache akampelekee huyo Mzungu.