Mheshimiwa Hataki Kushikwa

Binti yangu alipokwenda chuo kikuu mwezi wa tisa alibeba birika, blanketi zuri na sufuria zangu mbili. Akaniachia nyoka, aliyemnunua mwezi mmoja tu kabla. Bweni haliruhusu wanyama, akasema, kwa sauti ya mtu aliyelijua hilo zamani.

Nyoka mwenyewe ni chatu. Si yule wa kwetu anayemeza mbuzi. Huyu hata akikua sana ni mita moja na nusu hivi. Hapa Uingereza wanamwita chatu wa kifalme. Wamarekani wanamwita chatu mpira, kwa kuwa akiogopa hujiviringa, kichwa akakificha katikati, akawa donge. Naye anaogopa kila kitu: mlango, kivuli, mtetemo wa mashine ya kufulia. Binti kampa jina la Biskuti. Mimi namwita Mheshimiwa, maana sijaona kiumbe mwenye itifaki kiasi hiki.

Asili yao ni Afrika Magharibi hadi pande za Uganda, ingawa huyu kazaliwa hapa hapa, karatasi zake safi kuliko zangu. Sanduku lake lina taa na thamostati, na upande mmoja lazima ufike nyuzi 32. Mimi mlipa bili nashinda sebuleni na koti.

Maagizo yamebandikwa kwenye friji. Wiki ya kwanza asiguswe kabisa, atulie. Hilo nililitii vizuri sana. Nililitii wiki sita. Ndipo binti akapiga simu ya video: “Baba, usipomshika atazidi kuwa mwoga.” Yeye ndiye mwoga! Mimi nimekulia Muheza, ambako ukisikia “nyoka!” unakimbilia fimbo, maswali baadaye, na usiku bibi hakuruhusu hata jina lake litajwe, tukasema “kamba”. Leo eti mimi ndiye wa kumtoa kamba wasiwasi.

Basi tukaanza. Kwanza fulana niliyoivaa, bila kufuliwa, ilazwe sandukuni ili azoee harufu yangu. Mke wangu ana miaka 22 na harufu hiyo na bado analalamika. Nyoka kapewa siku nne. Kisha usimwendee kwa juu, maana juu ndiko anakotoka mwewe. Mwendee ubavuni, polepole, mikono imeoshwa: ukinuka panya atakudhania chakula, na midomoni ana vishimo vya kuhisi joto, kwa hiyo kiganja chako anakijua hata gizani. Mguse mgongoni kwanza, ajue kwamba si saa ya kula. Mnyanyue kwa mikono miwili katikati ya mwili, kichwa usikishike. Dakika tano zinatosha. Akikunja shingo kama herufi S, ondoka. Hilo la mwisho sikuhitaji kuandikiwa.

Siku ya kwanza nilivaa glavu za oveni. Akafoka “hssss” moja tu, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi, mlango wa chumba nimeshaufunga. Binti akasema glavu hazifai, hazina harufu ya mtu. Siku ya pili nikaenda bila glavu, nikamkuta macho yamekuwa na ukungu wa bluu. Maana yake anajiandaa kujivua gamba, haoni vizuri, asiguswe. Sijawahi kufurahia ugonjwa wa macho wa mtu kiasi kile, ingawa nimeambiwa si ugonjwa.

Alipomaliza kujivua nikaishiwa visingizio. Nikamnyanyua. Si mtelezi kama nilivyodhani. Ni mkavu kama mkanda mpya wa ngozi. Akajikunja donge viganjani mwangu, tukakaa hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake afe kwanza. Dakika tano ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Mara ulimi ukatoka, kichwa kikafuata, akaanza kutambaa akitafuta mahali penye giza na joto. Akapata: mkono wa koti langu.

Hapo ndipo mama alipopiga simu kutoka Muheza.

“Mwanangu, nasikia nyumbani kwako mna nyoka.”

“Ndiyo, mama.”

“Mmeshamuua?”

“Hapana, mama. Tunamzoesha.”

Mama akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama kazini wananitendea vizuri.

Sasa tumefika dakika kumi, mara tatu kwa wiki, na hajafoka tangu mwezi uliopita. Wenye kujua wananiambia wakitunzwa vizuri wanaishi miaka 20 hata 30. Mimi nina 53. Piga hesabu mwenyewe.

Jana usiku alikula. Panya hukaa kwenye friza, chini ya mabamia, nao wananunuliwa kwa pesa; nilikotoka mimi panya huja wenyewe. Akishakula hashikwi kwa siku mbili, asije akatapika. Leo ni Jumapili. Mpaka kesho usiku niko likizo.