Jinsi ya Kuwa PCA wa Redio ya Taifa Bila Kushika Maikrofoni

Mwana wa Likasi hahitaji kuelezwa PCA ni nani. Mji huu wa Katanga umelelewa na kampuni za madini, Union Minière kisha Gécamines, kwa hiyo hata mama anayekaanga mikate Kikula anajua kuna DG, mkurugenzi mkuu, yule anayetukanwa mshahara ukichelewa, na juu yake kuna PCA, rais wa baraza la usimamizi, ambaye watu hawana hakika wamtukane kwa lipi. Albert Yuma alikalia kiti hicho cha Gécamines tangu 2010 hadi 2021, na jina lake likazoeleka Shituru na Panda karibu sawa na bei ya unga.

Kiti cha Gécamines kina foleni ndefu na meno makali. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye tamaa ya kiasi, anayeiona RTNC, redio na televisheni ya taifa la Kongo, akajisemea: hapa nami nitatoshea.

Kosa la vijana wengi ni kuanzia redioni. Anayeanzia redioni hujifunza kukata sauti, kutafsiri taarifa ya waziri kwa Kiswahili dakika kumi kabla ya habari, na kugoma akidai malimbikizo ya mishahara. Hizo ni kazi za watu watakaokupigia makofi baadaye. Wewe anzia chamani. Kaa karibu na kiongozi wa chama, mbebee simu, cheka kabla hajamaliza mzaha. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 juu ya mashirika ya umma haitakusumbua. Inasema baraza liwe na watu wasiozidi 5, wateuliwe na Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la serikali, muhula uwe miaka 5, na rais wa baraza asiwe mmoja wa kurugenzi. Ni sheria moja kwa mashirika yote, ya redio na ya mengineyo, kwa hiyo usiitafutie humo neno maikrofoni.

Jifunze historia kidogo, walau ujue unakalia nini. Moïse Tshombe alipotaka kuitenga Katanga, jioni ya 11 Julai 1960, alikwenda kwenye redio ya Élisabethville. Rais Kasavubu alipotaka kumfukuza waziri mkuu wake Lumumba, 5 Septemba mwaka huohuo, alikwenda redioni Léopoldville. Lumumba naye akakimbilia redio hiyohiyo kumjibu, mpaka Umoja wa Mataifa ukaifunga wote wakose. Tarehe 16 Januari 2001 Rais Laurent-Désiré Kabila alipopigwa risasi, Kanali Eddy Kapend alitokea kwenye televisheni ya taifa akiwaamuru wanajeshi watulie. Na 30 Desemba 2013, wafuasi wa nabii Mukungubila, mtu wa kwetu huku Katanga, waliingia RTNC Kinshasa na silaha, watangazaji wakashikwa mateka matangazo yakiendelea. Ukitaka kujua kwa nini langoni kuna askari wengi kuliko waandishi, ndiyo sababu. Jengo hilo halilindwi kwa ajili ya vipindi vyake. Mpe askari wa lango matabishi, mjue kwa jina. Siku ya siku atakuwa na manufaa kuliko katibu wako.

Kielelezo chako kiwe Dominique Sakombi Inongo. Hakuwa PCA, alikuwa waziri wa habari wa Mobutu, lakini hakuna aliyeielewa kazi hii kama yeye. Ndiye anayetajwa kuwa fundi wa ile picha ya Mobutu akishuka kutoka mawinguni kila jioni kabla ya habari. Wazee wetu waliitazama wakiwa na sahani ya bukari mapajani na hawakuuliza ngazi iko wapi. Wanafunzi wa mawasiliano hudhani picha ile ilitengenezwa kwa ajili ya mamilioni ya Wazaire. Wapi! Ilitengenezwa kwa mtazamaji mmoja, na yeye akaipenda. Baadaye Sakombi aliokoka, akatubu hadharani kwa yale ya Mobutu, kisha akawa tena waziri, safari hii wa Kabila. Ndiye aliyetokea kwenye skrini 18 Januari 2001 kutangaza kwamba Kabila amekufa. Marais walipita, yeye akabaki na kamera. Ukiweza kujifunza jambo moja kwake, jifunze hilo la mtazamaji mmoja. Wengine wote ni takwimu za ripoti.

Sasa tufike usiku wenyewe, maana maisha yako yatagawanyika kabla na baada yake. Hakuna barua. Hakuna simu unayoweza kuiamini, ingawa utapigiwa nyingi. Uteuzi husomwa kwenye RTNC, na msemaji wa Rais, kama Tina Salama, ambaye mwenyewe alitokea Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa. Anasoma polepole: kwa kuzingatia Katiba, kwa kuzingatia sheria fulani, kwa kuzingatia nyingine, kwa pendekezo la serikali. Bibi yako analala kwenye kiti. Umeme wa SNEL unatishia kukatika, na kijana ameshasimama karibu na jenereta, kamba mkononi. Kifungu cha kwanza: wanateuliwa. Majina yanakuja la kwanza, la pili, kisha la ubatizo, kwa hiyo ukisikia la kwanza ni lako usipige kelele bado, akina Ilunga ni wengi. Subiri la pili. Likitimia, nyumba nzima itaruka, jirani atapiga ukuta: “Njo yeye! Njo ye mwenyewe!” Kifungu kinachofuata, kile kinachofuta masharti yote yaliyotangulia yaliyo kinyume, hakuna atakayekisikia. Kumbuka tu kwamba kwa kifungu hicho kuna mtu mwingine, mahali pengine, ameketi kimya na familia yake.

Asubuhi utakuwa na binamu usiowajua hadi Kambove. Chama cha watu wa kwenu kitashona vitenge vyenye uso wako. Lipia.

Makabidhiano hayana ugumu: meza, bendera, faili tatu, kalamu mbili. Anayeondoka atasema anaacha nyumba safi, nawe utasema utaendeleza mazuri yake. Wote mnajua malimbikizo yako ndani ya faili la tatu. Usilifungue mbele ya kamera.

Kazi yenyewe? Baraza hukutana mara moja kila miezi 3, na kwa kila kikao kuna jetoni ya kuhudhuria. Katikati ya vikao una vita moja tu, ile na DG. Yeye ana sahihi ya benki na ufunguo wa gari la matangazo. Wewe una cheo na nafasi ya mbele kwenye picha. Usipigane naye juu ya fedha, utashindwa. Pigana juu ya itifaki: nani atangulie kushuka kwenye gari, jina la nani lianze kwenye mwaliko. Huko sheria iko nawe.

Utarudi Likasi mara moja, kwa ndege hadi Lubumbashi kisha kilomita 120 za barabara, msafara ukipishana na malori ya madini. Ahidi mtambo mpya wa kurushia matangazo, na dakika nyingi zaidi za Kiswahili. Mzee mmoja wa zamani wa Gécamines atasimama kuuliza kwa nini anaisikia Radio Okapi vizuri, iliyoanza 2002 tu kwa fedha za Umoja wa Mataifa, na ya taifa inakwaruza. Mwite “papa,” mpe mkono kwa mikono miwili, sema swali lake limeandikwa. Liandikwe kweli, litajaza ukurasa wa ripoti.

Kuondoka kutakuja kama kulivyokuja kuingia, kwa runinga. Mrithi wa Yuma kule Gécamines alitangazwa hivyo Desemba 2021, na wewe si bora kuliko Yuma. Usizime televisheni kwa hasira jina la mwingine likisomwa mahali pako. Orodha huwa ndefu, mashirika ni mengi, kuna ya reli, ya bima, ya maji. Mwambie kijana aongeze mafuta kwenye jenereta, na msikilize hadi mwisho.