Namna ya Kuomba Kibali cha Dharura Bila Kumnenepesha Kantangaze

Kantangaze, nondo anayeharibu nyanya, alipoingia mashamba ya nyanya ya kaskazini mwa Tanzania mwaka 2014 hakuomba kibali kwa mtu. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika Kaskazini, akateremka na bara hadi Ethiopia, Kenya na kwetu. Wakati ofisi bado zinaulizana jina lake, jike mmoja tayari aliweza kutaga mayai hadi 260. Mkulima wa Ngarenanyuki au Ilula aliyeamka na kukuta shamba lake kama limeunguzwa na moto hakuwa na nafasi ya kungoja dawa ifanyiwe majaribio ya misimu kadhaa. Ndiyo sababu kibali cha dharura, cha kutumia dawa kabla majaribio hayo hayajakwisha, kipo, na ndiyo sababu ninakitetea. Ninachokataa ni kugeuza dharura kuwa desturi. Mwongozo huu ni wa kila mwenye mkono ndani yake: anayeomba, anayesaini, anayeuza na anayebeba bomba mgongoni.

Hatua ya kwanza: lichane jani. Fanya hivyo kabla ya kushika kalamu. Kiwavi wa kantangaze anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama ya ndani na kuacha madoa meupe yaliyokauka, kisha anahamia kwenye shina na tunda. Akishiba hushuka, mara nyingi ardhini, akawa bundo. Nondo wenyewe huruka usiku na kujificha mchana. Sasa chukua dawa unayotaka kuiombea kibali na uulize: itamfikiaje? Kama inaua kile inachokigusa juu ya jani tu, na mkulima ataipuliza saa nne asubuhi, basi unaomba ruhusa ya kulowesha majani. Ombi la namna hiyo liishie hapo hapo mezani.

Hatua ya pili: andika tarehe ya mwisho kabla ya kuandika sababu. Umoja wa Ulaya, katika kifungu cha 53 cha Kanuni namba 1107 ya mwaka 2009, unaruhusu kibali cha dharura kwa siku zisizozidi 120, kwa matumizi yenye mipaka na usimamizi, na pale tu ambapo hatari haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine ya busara. Marekani, chini ya kifungu cha 18 cha sheria yake ya viuatilifu, dharura ni jambo la haraka lisilo la kawaida, na mwombaji ni serikali ya jimbo au idara ya serikali kuu. Kiwanda hakijiombei. Hilo la mwisho linanipendeza kuliko yote, kwa maana anayeuza dawa hapaswi kuwa ndiye anayepiga mbiu ya hatari.

Hata hao waliotunga sheria nzuri wameteleza. Mwaka 2018 Ulaya ilipiga marufuku viuatilifu vitatu vya jamii ya nionikotinoidi kwenye mashamba ya wazi kwa ajili ya kuwalinda nyuki. Baada ya hapo nchi kadhaa zikawa zinatoa vibali vya dharura kwa mbegu za viazisukari zilizopakwa dawa hizo hizo, msimu baada ya msimu, mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 19 Januari 2023, iliposema kwamba dharura haiwezi kutumika kurudisha mbegu zilizopakwa kiuatilifu kilichokatazwa waziwazi. Dharura inayojirudia kila msimu wa kupanda ina jina moja tu: uzembe wa mipango. Afisa anayeombwa kuirefusha kwa mara ya tatu aulize kwanza ni nini kilichofanyika katika ile miezi ya kibali cha kwanza na cha pili.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa, nami nitakaa hapo. Soma namba, acha jina. Kwenye lebo nyingi za viuatilifu kuna namba ya kundi inayoonyesha dawa inavyomuua mdudu. Diamaidi ni kundi la 28, spinosadi ni kundi la 5, emamektini ni kundi la 6, pairethroidi ni kundi la 3A. Dukani mkulima atakuta chupa nne za rangi nne, zenye majina manne, zilizotoka viwanda vinne, na zote ni namba 28. Atapuliza ya kwanza, akiona imelegea atanunua ya pili, na kwa mdudu hakuna kilichobadilika. Wale wachache waliovumilia dawa ya kwanza ndio watakaozaa kizazi kijacho, na katika joto letu kizazi hicho huchukua takribani mwezi mmoja tu.

Kufikia mwaka 2015 watafiti walikuwa wamethibitisha kwamba kantangaze wa kisiwa cha Sicily, Italia, hasikii tena diamaidi, dawa zilizokuwa zimeingia sokoni miaka michache tu nyuma. Nondo wa kabichi, adui wa kila mkulima wa sukuma wiki, ana historia ndefu zaidi. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka Java kwamba DDT haimuui tena, na huyo akawa mdudu wa kwanza wa mazao kuandikwa hivyo. Kule Hawaii spinosadi ilianza kutumika dhidi yake mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2000 kulikuwa na mashamba katika kisiwa cha Oahu ambako ilikuwa imeshindwa. Dawa nzuri, salama kuliko nyingi zilizoitangulia, ikaungua kwa sababu ilipulizwa mfululizo kwenye kabichi inayopandwa mwaka mzima.

Kwa hiyo kibali cha dharura kisitoe dawa moja peke yake. Kitaje kundi la sasa na kundi litakalofuata, na kiseme wazi kwamba kizazi kimoja cha mdudu kinapigwa kwa namba moja, kizazi kinachofuata kwa namba nyingine. Muuza pembejeo anayejua kusoma namba hizo ana thamani kuliko semina kumi za hotelini.

Hatua ya nne: usichanganye dawa tatu kwenye bomba moja kwa kuwa jirani amefanya hivyo. Dawa mbili za kundi moja kwenye maji mamoja ni hela iliyomwagwa. Dawa zisizopatana huganda, na aliyebeba bomba ndiye anayeivuta hewa yake.

Hatua ya tano: hesabu siku za kuvuna. Nyanya haivunwi mara moja kama mahindi. Ikianza kuiva, mkulima huchuma kila baada ya siku chache, kwa wiki nyingi. Ukimpa dawa inayotaka siku 14 za kusubiri kabla ya kuvuna, umempa kibali ambacho hawezi kukitii. Atavuna, kwa sababu tenga limeshalipiwa na lori liko barabarani. Sumu hiyo itafika kwenye kachumbari ya mtoto mjini, na hakuna wa kuipima. Wazungu wanapopima, tunaumia kwa njia nyingine: mwaka 2013 Ulaya ilianza kukagua shehena 1 kati ya kila 10 za maharage mabichi ya Kenya kwa ajili ya mabaki ya dawa, na gharama ikashuka hadi kwa mkulima mdogo. Kwa mazao yanayochumwa mfululizo, dawa yenye muda mrefu wa kusubiri iruhusiwe kitaluni na kabla ya maua, au isiruhusiwe kabisa.

Hatua ya sita: utumie muda ulioununua. Tundika mitego ya feromoni tangu miche ikiwa kitaluni, ili ujue mdudu amekuja kabla hajazaliana. Funika kitalu kwa neti. Baada ya mavuno ng'oa masalia na uyaharibu siku hiyo hiyo, usiyaache yakawa makao ya kizazi kipya huku ukipanda shamba la pili mita 20 pembeni. Wakati mkulima anafanya hayo, taifa lifanye yake. Kituo cha utafiti wa wadudu cha Icipe, Nairobi, kilileta nyigu wadogo kutoka Taiwan, wakaachiliwa Kenya mwaka 2002 kumkabili nondo wa kabichi, na baadaye wakafika Tanzania na Uganda. Mwaka 2017 kikaleta kutoka Peru nyigu mwingine, anayetaga ndani ya viwavi wa kantangaze. Nyigu hawa hufanya kazi bila malipo, ila hawastahimili pairethroidi inayopulizwa kila wiki. Kibali kinachoruhusu dawa ya kuua kila kiumbe shambani kinawaua kwanza hawa tuliowafuata ng'ambo, na kantangaze anabaki salama ndani ya jani.

Hatua ya saba haihitaji fedha nyingi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na wenzao wa bodi ya viuatilifu ya Kenya, wabandike orodha ya kila kibali cha dharura kwa Kiswahili, mahali ambapo bwana shamba wa kata ataisoma kwa simu yake: jina la dawa, namba ya kundi, zao, mdudu, siku za kusubiri, na tarehe ya kibali kufa. Mwisho wa muda waandike pia kama dawa ilifanya kazi. Nawe mkulima, ukiambiwa dukani kwamba chupa fulani imeruhusiwa kwa dharura, uliza imeruhusiwa mpaka lini. Muuzaji akikosa jibu, irudishe rafuni.