Kikao cha Kuamua Windows

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni yangu kwenye risiti tu. Mke wangu anatunzia humo hesabu za kikoba. Mama mkwe ameweka picha za harusi za wanawe wote. Kwaya ina nyimbo zake za Krismasi, mtoto wa jirani ana kazi zake za shule, na mjomba, ambaye tangu azaliwe hajashika kipanya, ana faili la kesi ya kiwanja na amekataza mtu yeyote kulifungua. Kwa hiyo Microsoft walipotangaza kwamba ikifika tarehe 14 Oktoba 2025 wataacha kuihudumia Windows 10, uamuzi wa kuhama au kubaki haukuwa wangu. Langu lilikuwa kununua soda za kikao.

Laptopu yenyewe ni mtumba, niliichukua Kariakoo. Ilitoka Ujerumani na vibonye vyake vya Kijerumani, vyenye Ö na Ä ambazo hapa kwetu hazina kazi, na pale ilipotakiwa iwe Z imekaa Y, ilipotakiwa iwe Y imekaa Z. Fundi aliyeniuzia aliiwekea kibodi ya Kiingereza kwa ndani, akaniambia maandishi ya juu niyapuuze. Nyumba nzima ikaishi kwa kanuni moja: ukitaka Z bonyeza Y, ukitaka Y bonyeza Z. Mtoto wa jirani aliijua kanuni hiyo kabla ya kuijua tebo ya tatu.

Habari ya Oktoba ililetwa na shemeji, mdogo wake mke wangu, anayesomea kompyuta chuoni.

"Shemeji, hii mashine inakaribia kukosa viraka vya usalama."

"Viraka?" mama mkwe akadakia kutoka jikoni. "Kwani imechanika wapi?"

Shemeji akaeleza kwa upole, maana mama ni mama. Programu huwa na matundu, wezi huyatafuta, na wenye programu huyaziba kila mwezi, Jumanne ya pili. Baada ya tarehe 14, matundu ya Windows 10 yataendelea kugunduliwa; kuzibwa ndiko kutakoma. Dawa ni Windows 11, ambayo ipo tangu 5 Oktoba 2021 na ni ya bure kwa mwenye Windows 10 halali. Alipotamka "halali" nilikohoa, nikaomba mtu apunguze sauti ya televisheni.

Kisha akaiendesha ile programu ya Microsoft inayopima kama kompyuta inafaa. Haikufaa. RAM ilitosha, zinatakiwa GB 4 na sisi tuna 8. Nafasi ya diski ilitosha. Kilichotukwamisha ni prosesa: yetu ni Core i5 ya kizazi cha sita, na kwa upande wa Intel wanaanzia cha nane, kile kilichoanza kutoka 2017.

"Kwa hiyo inaondolewa kwa umri, si kwa utendaji?" mjomba akauliza. Yeye alistaafu akiwa bado anajiona ana nguvu, na jambo lile halijamtoka moyoni. Kuanzia dakika hiyo akawa wakili wa kompyuta.

Kikao kilikaa Jumapili, pilau ilipokwisha shuka. Mama mkwe alifungua kwa hoja ambayo hadi leo naona ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: inawaka, inazima, inaonyesha picha, sasa tatizo nini? Shemeji akamjibu kwa mfano wa WannaCry. Mei 2017 kirusi hicho kilizunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za kuyafungulia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hadi upasuaji. Na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi; walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

"Hizo dola 300 wangenidai na mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa picha za harusi? Wa albamu ya kwanza wameshaachana."

Nilijaribu kuleta busara kidogo. Nikasema Windows 10 si mgeni kwetu, kwani ilipozinduliwa tarehe 29 Julai 2015 mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alikuja mwenyewe Kenya kwa uzinduzi. Mjomba akasema ndiyo maana ina Kiingereza kingi. Nikaongeza kwamba mwaka huohuo mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alisimama kwenye mkutano akasema Windows 10 ndiyo ya mwisho, hakuna nyingine. Mjomba akaomba jambo hilo liingizwe kwenye muhtasari. Kumbe alikuwa anaandika muhtasari.

Tukapitia njia zilizokuwepo. Ya kwanza, kubaki na kuomba mwaka wa nyongeza, maana Microsoft walikubali kuendelea kutoa viraka hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe mtandaoni kwa akaunti yao. Mama mkwe akataka kujua hiyo mipangilio ni pamoja na picha. Akaambiwa hapana. Hakuamini, na njia ya kwanza ikafa.

Ya pili ilikuwa kuiacha Windows na kuhamia mfumo wa bure wa Linux, na hapa nakiri roho yangu ilikuwa upande huo. Nakumbuka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili tupu, bure kabisa. Mwaka huohuo Ubuntu, mojawapo ya hizo Linux, ikatoka, na kwa miaka kadhaa walikuwa wanakutumia CD hadi kwenye sanduku la posta bila kukudai hata ya stempu. Nilianza kuyaeleza haya kwa hisia. Mke wangu akanikatiza.

"Excel yangu itakuwemo?"

"Itakuwemo, dada," shemeji akajibu, "ila inaitwa LibreOffice Calc."

"Mimi nimeuliza Excel."

Hapo Linux ikawa imezikwa. Njia ya tatu, kununua laptopu nyingine, haikupata hata mtu wa kuiunga mkono. Wote waligeuka wakanitazama mimi, nami nikatazama dari. Ikabaki ya nne, ambayo shemeji aliiita kupita uani. Ipo programu ya bure iitwayo Rufus, unaitumia kuandaa flashi ya Windows 11, unaiambia iruke ukaguzi, na mashine inaingia bila kuulizwa umri. Microsoft wenyewe wanaonya kwamba kompyuta iliyoingia hivyo hawaiahidi viraka. Yaani tungehama kufuata viraka tukaende mahali ambapo hatuna uhakika wa kuvipata. Nililisema hilo. Likapokelewa kama ushauri. Mjomba, kwa furaha ya kuona mzee mwenzake anarudishwa kazini, akaitisha kura papo hapo, na kupita uani kukashinda.

Mwenye haraka ya kuhama na ajaribu kwanza kukopi mafaili ya ukoo. Kwenye skrini yetu kulikuwa na folda inaitwa Mpya, nyingine Mpya Mpya, nyingine Usifute, na Usifute ya Zamani. Kulikuwa na barua yangu ya kuomba kazi katika ofisi ambayo siku hizi ni duka la vigae. Kulikuwa na filamu za Kikorea zilizotafsiriwa na DJ, ambazo hakuna aliyekubali kwamba ni zake lakini kila mtu alisisitiza zikopiwe. Flashi zilizoletwa zilikuwa zimepita kwa jirani yetu wa steshenari, ambaye hadi leo anatumia Windows 7, iliyoachwa tangu Januari 2020, na virusi vya mashine yake vinafahamiana na kila flashi ya mtaa. Ukiingiza yako kutoa kopi ya cheti, inarudi na mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Tulisafisha kwanza, kisha tukakopi, na faili la kiwanja mjomba alilisimamia mwenyewe akiwa amesimama, mikono nyuma.

Kupakua kulihitaji GB 5 na zaidi, kwa hiyo shemeji alishusha kwa intaneti ya chuo, bando letu likasalimika. Betri ya laptopu haishiki kitu, ukichomoa chaja inazima kama imetukanwa, na umeme ukikatika katikati ya kazi kama ile ni kuanza upya. Tukaongeza Luku, tukakataza pasi, tukakataza hita, tukamwomba na Mungu. Asilimia zikapanda. Ilipofika hatua ya kuuliza aina ya kibodi, shemeji, kijana mwadilifu, aliinama akavitazama vibonye, akaona Ö, akaona Ä, akachagua Kijerumani.

Hakuna aliyegundua. Windows 11 ikafunguka, nzuri, vialama vyake vimesogea katikati, mama mkwe akakuta picha zake akashusha pumzi. Kesho yake mtoto wa jirani akaja kuchapa kazi ya shule kwa kanuni ileile aliyolelewa nayo, akaiprinti pale steshenari, akaipeleka. Ilirudi na duara jekundu kwenye kichwa cha habari: "Utunyaji wa Mayingira". Mwalimu alikuwa ameandika pembeni, "Njoo na mzazi."

Kwa kuwa mtoto ni mtoto, lawama zilibaki kwake hadi Jumamosi ya kikoba. Kikoba cha mke wangu hakina mchezo. Sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo zake wanazo akina mama watatu tofauti, wa mitaa tofauti, ili asifungue mmoja. Hesabu za Excel nazo zina nywila, na aliyekuwa anaijua ni Mama Mweka Hazina, ambaye kwa kweli aliijua kwa vidole. Akaketi, akachapa. Ikakataa. Akafuta miwani, akachapa. Ikakataa. Wanachama wakaanza kutazamana, na mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mtu aliyeishika kompyuta hivi karibuni.

Mke wangu alinitazama. Mimi nilimpigia shemeji.

Alikuja na bodaboda. Akaomba Mama Mweka Hazina aichape ile nywila kwenye ukurasa mtupu, ionekane, badala ya pale panapotokea nukta.

"Nikuandikie paswedi ya kikoba hadharani?"

Yakafanyika majadiliano. Mwisho ikakubaliwa kwamba aichape, ila wote waliomo sebuleni wageukie ukutani. Tukageuka, wanachama, shemeji, mimi na mjomba, ambaye hakuwa hata mwanachama. Tukasikia vibonye. Kikafuata kimya, halafu sauti ya mama mwenyewe, amesahau kila kitu:

"Sasa huyu Mwenzeyi ndiye nani?"

Shemeji alipiga paji la uso kwa kiganja. Akaingia kwenye mipangilio, akaongeza kibodi ya Kiingereza, akaiondoa ya Kijerumani, akampisha. Faili likafunguka, shilingi zote zikawa mahali pake. Mama Mweka Hazina alisema kwa kuwa Mwenyezi ameshatajwa mbele ya watu, nywila ibadilishwe hapohapo. Akachagua mpya, isiyo na Y wala Z, akatufukuza tena ukutani wakati wa kuichapa. Kisha, ili kikoba kisikwame tena siku akiwa amesafiri, akashika simu na kuitamka polepole, herufi kwa herufi, kwenye grupu la WhatsApp la kikoba. Grupu lina wanachama wote, waume zao baadhi, na watu walioingizwa kipindi cha msiba wa mwaka juzi ambao hadi sasa hakuna aliyewatoa.