Mtetea wa Mama Mkwe

Barua ya shule ilifika Jumatatu, imekunjwa ndani ya daftari la Kiswahili. Gredi ya Tatu wangekuwa na shughuli kila siku hadi Sikukuu ya Mashujaa, na "mzazi amsaidie mtoto". Nimeshalizoea neno hilo "amsaidie". Maana yake mzazi afanye, mtoto atazame.

Jumanne, bendera. Nikapaka nyeusi, nyekundu na kijani kwa madaha, nikaisahau mikanda myeupe. Binti yangu akaniuliza kama nilisoma shule ya Kenya. Jumatano, wale mashujaa sita wa Kapenguria. Nikawataja Kenyatta, Kaggia, Kubai na Ngei, nikakwama. Yeye akanimalizia Karumba na Oneko bila kuinua uso kwenye bakuli la uji.

Alhamisi ndiyo iliyotuvua nguo. Darasa lingeigiza kisa cha Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913. Wazee husimulia kwamba alimweka mtetea na vifaranga mbele ya Champion, ofisa wa serikali, akamwambia: haya, chukua kimoja uone. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Basi Mekatilili wa Ijumaa alikuwa binti yetu. Hando ilikuwapo, ile sketi nyeupe ya marinda ya bibi yake. Kuku hatukuwa naye.

Mama mkwe akamtuma kutoka Kaloleni kwa matatu, ndani ya tenga, na vifaranga saba. "Baba, huyo hapendi kushikwashikwa," akaniambia kwenye simu. Sisi tunakaa Kisauni, ghorofa ya tatu. Tukamlaza bafuni.

Saa nane za usiku nikaenda kujisaidia, sikuwasha taa nisiwaamshe watu. Nilisikia kwanza mbawa, kisha mdomo kwenye kifundo cha mguu, mara mbili, pale pale. Nikarukia ndoo, ndoo ikaangukia beseni, mlango ukafunguka. Vifaranga wakatawanyika hadi chini ya makochi. Tuliwasaka mpaka adhana ya alfajiri, mke wangu na tochi ya simu, mimi kwa magoti, na jirani wa chini akigonga dari kwa mpini wa fagio.

Shuleni, kijana aliyekuwa Champion alikuja na kofia ya babu yake na fimbo. Akamtazama yule mtetea, mtetea akamtazama yeye. Kijana akaangua kilio, akakimbia. Mekatilili akamfuata na hando yake, akamshika shati: "Rudi uchukue!" Mtetea hakumdonoa mtu. Alikuwa akiokota punje za wali chini ya dawati la mwalimu.

Nikiwa nalifunga tenga, mwalimu akaniambia kwa upole kwamba kuku wa karatasi angetosha. Ilikuwa imeandikwa nyuma ya barua.

Mtetea bado yuko bafuni. Vifaranga ni sita. Mama mkwe ameshapiga simu mara mbili, anamuulizia wa saba.