Siku ya Kupandisha Dau

Kupandisha dau ni kuhama kutoka mchezo wa hela ndogo kwenda wa hela kubwa. Kariakoo uamuzi huu una majira mawili: mara baada ya kula na mara baada ya kuliwa. Aliyekula anapanda kwa sababu nyota yake imewaka. Aliyeliwa anapanda ili arudishe hela kabla tajiri hajaja kufunga hesabu. Majira ya tatu, ya mtu aliyetulia na kupiga mahesabu, bado hayajazoeleka.

Mtaa usiojua hesabu ungesamehewa. Lakini muuza mashati wa Mtaa wa Kongo anaijua faida ya kila shati, hubishana na mteja robo saa kwa ajili ya shilingi 500, na hatoi mzigo kwa mkopo mpaka amjue mkopaji hadi shangazi yake. Jioni, muuzaji huyohuyo anaweka 20,000 kwa timu ya Ureno ambayo hata jina linamshinda kutamka. Zikikutana Simba na Yanga ndiyo hesabu huzimwa kabisa. Waliopandisha dau kwa mapenzi ya Simba ya Msimbazi tarehe 5 Novemba 2023 walitoka wamefungwa 5-1, na Jumatatu wakaomba nauli kwa watu wa Yanga wa Jangwani.

Wacheza poka wa kasino wana kipimo chao: asihamie meza ya juu asiye na angalau mara 20 ya hela ya kuingilia. Meza ya 100,000 inataka 2,000,000 za mchezo tu, na mtaji ukipungua mchezaji anarudi meza ya chini bila kinyongo. Mjini kipimo hiki hukwama mapema, kwani hela ya mchezo tu ni adimu. Iliyopo ni kodi ya fremu, mchango wa kikoba, au ada ya mtoto iliyopitia kwenye simu ya baba. Hata asiye na mtaji ana njia: Mmarekani Chris Ferguson alianza poka mtandaoni bila senti mwaka 2006, akijiwekea mwiko wa kutoingia mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, akafikisha dola 10,000 mwaka 2007. Mwendo huo haumfai anayetaka pikipiki ifikapo Jumatatu.

Mkeka, yaani dau moja linalobeba timu nyingi, una shida yake ya ziada. Kanuni aliyoitoa John Kelly mwaka 1956 inataka dau lipimwe kwa kiasi mchezaji anavyoizidi bei aliyopewa. Asipoizidi, dau ni sifuri. Chukua mkeka wa timu 10, kila moja ikiwa na odi 1.30 na nafasi ya asilimia 70 ya kushinda. Shilingi 1,000 inaahidi kama 13,800, ila uwezekano wa zote kushinda haufiki asilimia 3, hivyo kwa wastani hurudi chini ya 400. Kwa mkeka wa namna hiyo, siku ya kupandisha dau haipo.